Kwaheri Bila Maikrofoni

Tarehe 22 Juni 2006, katika uwanja wa Dortmund, Ujerumani, refa alipuliza filimbi ya mwisho Brazil wakiwa mbele kwa mabao 4-1. Wachezaji wa Japani wakaenda kuwainamia mashabiki wao, kama ilivyo ada kwao, kisha wakaanza kutoka. Mmoja hakutoka. Alijilaza chali kwenye duara la katikati, akajifunika uso kwa jezi ya njano ya Brazil, akabaki hivyo kwa takriban dakika kumi. Kamera zikamgeukia. Nahodha Tsuneyasu Miyamoto alimfuata, akasema naye kidogo, akaondoka. Majukwaa yaliendelea kupungua watu na yule mtu bado yuko chini.

Japani ilikuwa imekwisha kucha, tarehe 23. Watu waliokesha mbele ya televisheni wakabaki wanaulizana: Nakata ana nini?

Jibu lilikuja siku kumi na moja baadaye. Tarehe 3 Julai, Hidetoshi Nakata, mwenye umri wa miaka 29, aliweka andiko refu kwenye tovuti yake, nakata.net, akasema anatundika daluga. Basi. Hakuita waandishi wa habari hotelini. Hakukuwa na meza yenye kitambaa cheupe, wala msururu wa maikrofoni, wala kiongozi wa chama cha soka aliyeketi pembeni na uso wa msiba. Mhariri wa gazeti kubwa la Tokyo na mwanafunzi wa sekondari mwenye simu mkononi walilisoma andiko hilo mahali pamoja. Televisheni na magazeti yaliyokuwa yamemwandama kwa karibu miaka kumi yakalazimika kunakili kutoka kwenye ukurasa wa mtu binafsi.

Leo jambo hilo halimshangazi yeyote. Mchezaji anayestaafu siku hizi huweka picha ya viatu vyake na maneno mawili matatu, na dunia nzima ikajua kabla hajafunga simu. Lakini tazama tarehe. Twitter ilifunguliwa kwa umma tarehe 15 Julai 2006, siku kumi na mbili baada ya Nakata kuaga. Facebook ilianza kumpokea mtu yeyote mwezi Septemba mwaka huohuo. YouTube ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi. Nakata aliaga mtandaoni wakati mitandao ya kuagia ilikuwa haijajengwa, kwa sababu alikuwa amejijengea wake miaka minane nyuma.

Ninasoma historia, na katika shahada hii ya uzamili swali linalonirudia kila muhula ni nani hushika kalamu maisha ya mtu yanapoandikwa. Kwa wengi, umaarufu wa Nakata mtandaoni ni habari ya mabao, mavazi na nywele zilizopakwa rangi. Kwangu mimi ni habari ya ugomvi kati ya kijana mmoja na magazeti ya nchi yake, na ugomvi huo hauwezi kueleweka bila kujua jinsi Wajapani wanavyoagana na mashujaa wao.

Kwao kuaga ni jambo la hadhara. Mwanamieleka wa sumo akistaafu huketi katikati ya ulingo wa Ryogoku Kokugikan, Tokyo, amevaa mavazi rasmi, na watu kwa mamia hupanda mmoja baada ya mwingine na mkasi, kila mmoja akikata unywele kidogo kwenye fundo lake la nywele. Bwana wake wa kambi ndiye hukata mara ya mwisho, na fundo likatoka. Hapo mtu amekwisha kuwa raia wa kawaida, na waliomshangilia wameshiriki kwa mikono yao kumtoa. Katika besiboli, mchezo ambao kwa miongo mingi ulikuwa moyo wa burudani ya Japani, kuna usiku wa tarehe 14 Oktoba 1974 katika uwanja wa Korakuen. Shigeo Nagashima, nyota wa Yomiuri Giants, alisimama uwanjani mbele ya maikrofoni, taa zikimmulika, akawaaga mashabiki huku machozi yakimlenga, akatangaza kwamba timu yake haitakufa milele. Hata Wajapani ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule wanaijua sentensi hiyo. Na timu ile ni mali ya kampuni ya magazeti, Yomiuri, ambayo katika miaka ya tisini gazeti lake lilikuwa likichapa zaidi ya nakala milioni 10 kwa siku. Shujaa, timu na gazeti vilikuwa nyumba moja.

Mtu aliyekulia katika utaratibu huo alitarajia kwamba shujaa ana deni la kuaga, na kwamba deni hilo hulipwa mbele ya kamera. Ndiyo maana andiko la 3 Julai liliwachoma baadhi ya watu wazima wa vyombo vya habari, na ndiyo maana liliwafurahisha vijana.

Turudi nyuma kidogo. Nakata alizaliwa tarehe 22 Januari 1977 huko Kofu, mkoa wa Yamanashi, nchi ya zabibu na milima. Ni wa kizazi kilicholelewa na Captain Tsubasa, hadithi ya katuni iliyoanza 1981 juu ya mtoto mwenye ndoto ya mpira, na yeye mwenyewe huhesabiwa miongoni mwa watoto walioufuata mpira kwa sababu yake. Ligi ya kulipwa, J-League, ilianza Mei 1993. Oktoba mwaka huo, mjini Doha, Japani ilikuwa imebakiza sekunde kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza Iraq waliposawazisha kwa kichwa. Taifa zima likaona wachezaji wakidondoka kwenye nyasi. Uso wa kizazi hicho ulikuwa Kazuyoshi Miura, Kazu, mtu wa televisheni kwa kila maana: akifunga alicheza dansi, akihojiwa alijua kamera iko wapi.

Nakata alikuja tofauti. Alijiunga na Bellmare Hiratsuka mwaka 1995. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye kikosi cha Olimpiki kilichoifunga Brazil 1-0 mjini Miami. Kisha, tarehe 16 Novemba 1997, huko Johor Bahru, Malaysia, Japani ikacheza na Iran mechi ya kukata shauri: atakayeshinda anakwenda Ufaransa. Kijana wa miaka 20 akawa na mkono wake katika mabao yote matatu. Alimpasia Masashi Nakayama la kwanza. Alipiga krosi ya la pili. Katika dakika ya 118, muda wa bao la dhahabu, akapiga shuti kutoka nje ya eneo, kipa akalipangua, na Masayuki Okano akamalizia. Ikawa 3-2. Japani ikaingia Kombe la Dunia.

Kuanzia usiku ule Nakata hakuwa na njia ya kupita bila kuonekana. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Mwanzoni mwa Januari 1998 gazeti moja kubwa lilichapa mahojiano naye. Ndani yake alinukuliwa akisema maneno ya dharau juu ya kuimba wimbo wa taifa, Kimigayo, kabla ya mechi: kwamba haupendezi na humpunguzia mtu ari. Msomaji wa nje anaweza kuona hayo kuwa utani wa kijana. Japani ya 1998 haikuwa mahali pa utani huo. Kimigayo, wimbo wa kumtakia mfalme utawala mrefu, ulikuwa umebeba kumbukumbu ya vita, na walimu wengi walikataa kusimama ukiimbwa shuleni. Kisheria haukuwa hata wimbo wa taifa bado. Bunge lilikuja kupitisha sheria ya bendera na wimbo tarehe 9 Agosti 1999, baada ya mabishano makali. Nakata aliingizwa katikati ya mabishano hayo kwa sentensi moja. Makundi ya wazalendo wa mrengo wa kulia yakamjia juu, na kwa muda kijana huyo akaishi chini ya ulinzi. Mwenyewe alishikilia kwamba maneno yake hayakuwasilishwa alivyoyakusudia.

Nani alikuwa sahihi, yeye au gazeti, si hoja yangu hapa. Mwanahistoria ana kishawishi cha kuwa hakimu kila anapoona pande mbili. Kinachonivuta ni alichofanya baadaye. Wachezaji wengine wakikasirishwa na magazeti hunyamaza kwa wiki mbili, kisha hurudi, kwa kuwa hawana mahali pengine pa kusemea. Nakata alipata mahali. Mwaka huohuo wa 1998, kwa msaada wa kampuni iliyokuwa ikisimamia shughuli zake, nakata.net ikafunguliwa. Akaanza kuwaandikia mashabiki moja kwa moja: mechi ilivyokuwa, safari, chakula, mambo madogo ya siku. Aliandika kwa lugha ya kijana anayeongea na rafiki, bila ile heshima ya kukariri ambayo wanamichezo wa Japani hufundishwa kuitumia mbele ya waandishi. Wasomaji nao walimwandikia.

Wajapani wenye intaneti nyumbani walikuwa bado wachache. Lakini Februari 1999 kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ikaanzisha i-mode, huduma iliyotia kurasa za mtandao na barua pepe ndani ya simu ya mkononi, na ghafla msichana anayerudi shule kwa treni aliweza kusoma ujumbe kutoka kwenye tovuti kabla ya gazeti la jioni kufika kituoni. Nadhani waandishi wengi wa historia ya mitandao ya kijamii huanzia California na kuisahau treni hiyo.

Nakata mwenyewe wakati huo hakuwa Japani. Baada ya Kombe la Dunia la Ufaransa, ambalo Japani ilipoteza mechi zote tatu, aliuzwa Perugia, timu ya mji mdogo wa mlimani katikati ya Italia. Waitalia walikuwa na sababu ya kucheka. Miura alikuwa amepita Genoa miaka minne kabla na kuondoka na bao moja, na Mjapani mwanasoka waliyemfahamu vizuri alikuwa wa katuni, kwa maana watoto wao walimjua Tsubasa kwa jina la Holly. Mechi ya kwanza, 13 Septemba 1998, Perugia walicheza na Juventus, mabingwa watetezi. Juventus walishinda 4-3. Nakata alifunga mawili. Msimu ulipoisha alikuwa na mabao 10 katika ligi ambayo siku zile ilikuwa na mabeki wakali kuliko wote duniani.

Hebu fikiria hali ilivyokuwa. Kundi la waandishi wa Japani limehamia kwenye mji wa mlimani, likimsubiri getini kila baada ya mazoezi. Yeye anapita kimya na miwani ya jua, au anajibu kwa Kiitaliano swali la Mwitalia. Usiku anaandika, na kesho yake waandishi waliosafiri kilomita elfu kumi wanasoma kwenye tovuti kile ambacho hakuwaambia wakiwa hatua mbili kutoka kwake. Nimejaribu kuwaonea huruma, na kiasi nimefaulu. Walikuwa wafanyakazi, na wahariri wao walitaka mistari.

Kuna upande mwingine ambao wapenzi wa Nakata huuruka. Nakata.net ilikuwa pia biashara. Maandishi yake yalichapwa vitabu, na Kombe la Dunia lilipokuja Japani mwaka 2002 ulifunguliwa mkahawa Tokyo kwa jina la tovuti. Zaidi ya hayo, mtu anayejiandikia habari zake hujichagulia na maswali. Shabiki aliyeandika barua pepe alijibiwa akipendwa. Mwandishi aliyetaka kuuliza juu ya ugomvi ndani ya timu alikuta mlango umefungwa. Waandishi waliolalamika kwamba huku ni kukwepa kuhojiwa hawakuwa na kosa lote. Tunaloliona leo kwa wanasiasa wanaotangaza mambo mazito kwenye kurasa zao na kukataa mikutano, mbegu yake imo humohumo. Kwa mcheza mpira aliyetishwa kwa sababu ya wimbo, mimi bado niko upande wake. Kwa waziri, hapana.

Mimi nilikuwa mtoto mdogo alipostaafu. Nilimfahamu kupitia kipande cha video ambacho rafiki alinitumia bila maelezo, sekunde thelathini hivi, na nadhani ndivyo wengi wa rika langu walivyomfahamu, kama si kwenye michezo ya FIFA ya kompyuta ambako amewekwa pamoja na magwiji. Kipande chenyewe ni cha Turin, tarehe 6 Mei 2001. Roma, timu aliyohamia Januari 2000, wanaongoza ligi, na Juventus wanawafukuza kwa karibu. Juventus wameshafunga mawili, Del Piero na Zidane. Kocha Fabio Capello anamtoa Francesco Totti, mfalme wa Roma, na kumwingiza Nakata. Siku chache kabla, shirikisho la soka la Italia lilikuwa limeondoa kikomo cha wachezaji wasio wa Umoja wa Ulaya katika kikosi cha mechi. Bila mabadiliko hayo huenda Nakata angeitazama mechi ile akiwa jukwaani. Dakika ya 79 anaupata mpira mbali na goli, anasogea hatua chache, anaachia kombora. Van der Sar anaruka na haufikii. Dakika za mwisho anapiga tena, Van der Sar anautema, Vincenzo Montella anausukuma wavuni. Ni 2-2. Mwezi uliofuata Roma wakatwaa ubingwa.

Kipande nilichotumiwa kilikatwa kabla ya bao la Montella. Kina kombora, kelele na mtu mwenye nywele za rangi anayekimbia. Hakina Totti akitoka kwa unyonge, hakina sheria iliyobadilishwa, hakina hesabu ya ligi. Huo ndio umaarufu wake wa mtandaoni wa sasa, na kwa kiasi kikubwa si yeye aliyeutengeneza. Mtu aliyefungua tovuti ili maneno yake yasikatwe, leo anajulikana na mamilioni kwa picha zilizokatwa. Sidhani kama analalamika; bao ni bao hata likikatwa. Ila ukitaka kumjua, andiko la 3 Julai lina uzito kuliko kombora la Turin.

Kichwa chake kinasema kwamba maisha ni safari na safari ni maisha. Sentensi hiyo ingeweza kuwa ya kalenda ya ukutani, na kama angeishia hapo nisingeandika haya. Lakini chini ya kichwa kuna tarehe mbili, kama zile za jiwe la kaburi: 1 Desemba 1985 na 3 Julai 2006. Ya kwanza ni ya mtoto wa miaka minane aliyeanza kucheza katika baridi, pembeni mwa uwanja wa shule ya msingi huko Yamanashi. Ya pili ni ya siku hiyo anayoandika. Anasema uamuzi aliufanya nusu mwaka kabla. Kwa hiyo mtu aliyelala Dortmund alikuwa anajua. Waliokuwa wanamtazama hawakujua.

Kisha anageukia timu, na hapa andiko linauma. Kundi la Japani lilikuwa limeanza kwa msiba: waliongoza mbele ya Australia mpaka dakika ya 84, kisha wakafungwa matatu. Wakatoka sare na Croatia, halafu ikaja Brazil. Nakata anaandika kwamba wenzake walikuwa na uwezo mkubwa kweli, ila hawakujua namna ya kuutoa wote. Kwa miaka minne alijaribu kuwafanya walione hilo, wakati mwingine kwa kuwatia moyo, wakati mwingine kwa ukali hata wakagombana. Anakiri kwamba mpaka mwisho hakuweza kulifikisha. Soma tena hapo. Mtu aliyepata njia ya kuzungumza na kila simu ya nchi yake anasema alishindwa kueleweka na wanaume waliokuwa wakibadilisha nguo naye chumba kimoja. Kuna wachambuzi walioeleza kushindwa kwa Japani mwaka 2006 kwa mbinu za kocha Zico, kwa joto la Ujerumani, kwa mabadiliko ya wachezaji. Mimi naanzia kwenye aya hiyo. Sijui mchezaji mwingine aliyeandika juu ya timu yake ya taifa kwa namna hiyo kabla Kombe la Dunia halijafika fainali.

Anaendelea kusema jambo ambalo mchezaji akiwa na maikrofoni puani hawezi kulisema. Tangu awe mchezaji wa kulipwa, alianza kuipoteza ile hisia mbichi ya utotoni juu ya mpira. Akiulizwa kama anaupenda mpira, hakuweza kujibu kwa moyo mweupe kwamba anaupenda. Ilikuwa katika mechi ya mwisho, na kwa sababu ya mashabiki, ndipo akagundua kwamba ile hisia ilikuwa bado imo ndani, imefichwa, kama kitu ambacho mtu amekizungushia ukuta asije akakivunja. Tukisoma hivyo tunaelewa ile jezi ya njano usoni. Hakuwa akificha aibu ya 4-1.

Jambo hilo lingesemwaje kwenye mkutano wa waandishi? Swali la kwanza lingekuwa juu ya Zico, la pili juu ya klabu, la tatu juu ya fedha, na kufikia swali la nne mtu angekuwa ameshaufunga uso. Andiko liliruhusu aende polepole. Nadhani alikuwa mwandishi, kwa maana ya kawaida kabisa ya neno hilo: mtu anayehitaji kukaa peke yake ili ajue anachofikiri.

Vyombo vya habari viliufanya mwaga ule kuwa habari kubwa ya nchi, na vikachapa vipande virefu vya maneno yake. Ndiyo kusema, mwishowe walimnukuu kama alivyotaka, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kunukuu.

Si kila mtu alifuata njia hiyo. Ichiro Suzuki, mchezaji wa besiboli ambaye naye kwa miaka mingi alikuwa mgumu kwa waandishi, alistaafu Tokyo mwezi Machi 2019, na usiku huohuo aliketi mbele yao kwa karibu saa moja na nusu akijibu swali baada ya swali. Wajapani waliipenda mno ile hojaji. Nimeilinganisha na andiko la Nakata mara kadhaa, na kila mara nabadilisha mawazo. Ichiro alisema mambo ambayo asingeyaandika, kwa sababu alikuwa amechoka na mtu alimuuliza. Nakata aliandika mambo ambayo asingeyasema. Kwa mwanafunzi wa historia hizo ni nyaraka za aina mbili, na kila moja ina pengo mahali ambapo mwenzake amejaa.

Baada ya Julai 2006 Nakata alisafiri. Hakuwa kocha, wala mchambuzi wa kila wiki kwenye studio. Alizunguka nchi nyingi, akiwa bado anaandika kwenye tovuti, na inaelekea alitambua kwamba kila alikofika watu walimuuliza juu ya Japani na yeye hakuwa na majibu ya kutosha. Mwaka 2009 akaanza kuzunguka nchi yake mwenyewe, mikoa yote 47, akitembelea wakulima, wafinyanzi, wachonga mbao, na zaidi ya wote watengenezaji wa sake, pombe ya mchele. Amesema mahali kwingi kwamba aliacha mpira kwa kuwa aliona umekuwa biashara tu. Kisha akaingia kwenye biashara. Mwaka 2015 alianzisha kampuni ya Japan Craft Sake Company, na sasa kijana wa Tokyo anaweza kumjua kama mtu wa sake kabla hajajua kwamba aliwahi kumfunga Van der Sar.

Kazi ya sake huwa ya majira ya baridi. Mchele husuguliwa mpaka punje ibaki kiini, huoshwa, huanikwa kwa mvuke, huwekewa ukungu uitwao koji, na watu huamka usiku kuugeuza usipate joto kupita kiasi. Viwanda vingi ni vya familia, vijijini, vingine vikiwa na umri wa karne kadhaa. Nakata ameingia katika mamia ya viwanda hivyo. Alichokiona ni kwamba chupa ikivuka bahari inakuwa bubu: lebo imeandikwa kwa brashi, kwa herufi ambazo mnywaji wa London hawezi kuzisoma, na hata Mjapani kijana huzisoma kwa shida. Kampuni yake ikatengeneza programu ya simu iitwayo Sakenomy. Unaelekeza kamera kwenye lebo, na kwenye kioo cha simu linatokea jina la kiwanda, mkoa kinakotoka, na aina ya mchele.